Shabu, magadi na chumvi ya kupikia: majibu ya maswali yenu ya kemia

Tangu nigusie chumvi hapa, ujumbe umemiminika, na mwingi unauliza jambo lilelile kwa maneno tofauti: chumvi ikishayeyuka, nitajuaje kama maji yatakuwa asidi, besi, au hayataegemea upande wowote? Nimeokota michache.

Shikamoo mwalimu. Chumvi ya kupikia haibadilishi karatasi ya litimasi (ile ya kupimia, ambayo asidi huigeuza nyekundu na besi huigeuza bluu), lakini magadi yanaigeuza nyekundu kuwa bluu. Si zote ni chumvi? (Kidato cha tatu, Morogoro)

Marahaba. Zote ni chumvi. Kwenye kemia jina hilo si la ile ya kwenye mboga peke yake, ni la kila kinachopatikana asidi na besi zikishamalizana. Kwa hiyo kila chumvi ina wazazi wawili, na kazi yako ya kwanza ni kuwajua.

Chumvi ya kupikia imezaliwa na asidi ya haidrokloriki na haidroksidi ya sodiamu, wazazi wenye nguvu wote wawili. Asidi yenye nguvu huiachia haidrojeni yake moja kwa moja, na kloridi inayobaki haina hamu ya kuirudisha. Sodiamu nayo haina ugomvi na mtu. Ioni hizo, yaani chembe zenye chaji ya umeme, zinaogelea tu, maji yanabaki kama yalivyokuwa.

Magadi, yale ya Ziwa Magadi kule Kenya na Ziwa Natron huku kwetu, ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu zilizoshikana. Mzazi wa upande wa asidi ni asidi ya kaboniki, ileile inayotoa mapovu kwenye soda, na ni dhaifu. Asidi dhaifu huing'ang'ania haidrojeni yake. Ukiipokonya, ioni iliyobaki inaitafuta tena. Itaipata wapi? Kwenye maji yenyewe. Kaboneti inaichomoa haidrojeni kutoka kwenye molekuli ya maji, kinachobaki ni haidroksidi, ambayo ndiyo besi yenyewe, na ndiyo inayofanya maji ya magadi yateleze vidoleni.

Wezi wenyewe ni wachache. Kwenye myeyusho wa kaboneti ya sodiamu wenye moli 0.1 kwa lita, ni kama ioni nne au tano tu kati ya 100 zinazofanikiwa kuiba, lakini zinatosha kuifikisha pH (kipimo ambacho 7 ni katikati, chini yake ni asidi na juu yake ni besi) kwenye 11.6 hivi. Asiteti ya sodiamu, mtoto wa asidi ya siki, ni mwizi mwoga zaidi: moja kati ya 13,000, na pH inaishia karibu na 8.9.

Haidroksidi hiyohiyo ndiyo inayolainisha maharage jikoni. Pia inaharibu vitamini B1, kwa hiyo mwambie mama kijiko kidogo kinatosha.

Sisi tumekaririshwa "mwenye nguvu ndiye anayeshinda". Inatosha?

Kwa mtihani, mara nyingi inatosha. Mimi siipendi, kwa sababu inakufanya udhani mzazi mwenye nguvu bado anapigana ndani ya maji. Ukweli ni kinyume: mwenye nguvu mtoto wake amekaa pembeni, na fujo yote inafanywa na mtoto wa aliye dhaifu. Chukua kloridi ya amonia. Utaambiwa asidi imeshinda, lakini kloridi haijagusa kitu. Ni ioni ya amonia inayoyapa maji haidrojeni yake, na pH inashuka hadi kama 5.1.

Ukikutana na chumvi yenye wazazi dhaifu wote wawili, kauli hiyo inakuacha njiani. Hapo unalinganisha: ioni ya amonia inatoa haidrojeni kwa kiasi gani, na mwenzake anaiba kwa kiasi gani? Kwenye asiteti ya amonia nguvu zao zinalingana karibu kabisa, maji yanabaki kwenye 7. Kwenye kaboneti ya amonia mwizi ni mkali kuliko mtoaji, hivyo unapata besi, na ukifungua kopo utainusa amonia.

Bikaboneti ya sodiamu ina haidrojeni ndani yake. Kwa nini isiwe asidi?

Kuwa na haidrojeni si sawa na kuwa tayari kuitoa. Bikaboneti inaweza kutoa na inaweza kupokea, ila inaweza zaidi kupokea, ndiyo maana pH yake ni kama 8.3. Bisalfeti ya sodiamu, yenye jina linalofanana, inatoa bila kusita. Myeyusho wake ni asidi kali. Usihukumu kwa jina.

Nimeyeyusha chumvi ya kupikia kwenye maji yaliyokenekwa, kipimo kikasoma chini ya 6. Nimekosea wapi?

Hukukosea. Maji yaliyokaa wazi hunywa kaboni dayoksidi ya hewani na kushuka hadi karibu 5.6 hata kabla hujatia chumvi. Yachemshe, yapoze yakiwa yamefunikwa, halafu pima upya.

Shabu haina amonia wala haidrojeni ya kutoa. Mbona inageuza litimasi kuwa nyekundu?

Swali hili nimelipenda kuliko yote. Shabu ni salfeti ya alumini na potasiamu. Potasiamu na salfeti wana hatia ndogo sana; mtuhumiwa ni alumini. Ioni yake ni ndogo na ina chaji tatu, na ikiingia majini hujizungushia molekuli sita za maji. Inazivuta elektroni za molekuli hizo kwa nguvu hadi haidrojeni zao zinalegea na kuchomoka. Maji yenyewe ndiyo yanayotoa asidi, alumini imeyabana tu. Myeyusho unakaribia pH 3, na ukilamba shabu unaukuta uchachu huo ulimini.

Mrututu, salfeti ya shaba, hufanya vivyo hivyo kwa upole zaidi. Unyunyizie peke yake kwenye majani na unaweza kuyaunguza. Dawa ya Bordeaux, ya kuzuia ukungu wa mimea, iliyoanzia kwenye mizabibu ya Ufaransa miaka ya 1880, huchanganya mrututu na chokaa, na chokaa ndiyo inayoizima asidi hiyo.

Mbolea ya SA imeuchosha udongo wangu, wataalamu wanasema una asidi. Ni kwa sababu ya haya unayoeleza? (Mkulima wa mahindi)

Kwa sehemu ndogo sana. SA ni salfeti ya amonia, na ukiiyeyusha kwenye ndoo utapata asidi hafifu, kama 5.5. Hiyo peke yake isingelimaliza shamba. Wanaoliharibu ni bakteria wa udongoni: wanaigeuza amonia kuwa naitreti, na kila ioni moja wanayoigeuza inaacha haidrojeni mbili. Yurea si chumvi kabisa, kwenye ndoo haibadilishi litimasi, lakini msimu baada ya msimu nayo inaushusha udongo, japo polepole kuliko SA. CAN, mbolea ya naitreti ya amonia, huja ikiwa imechanganywa na chokaa, ndiyo maana madhara yake ni kidogo. Kwa hiyo ndugu yangu, usipime maji ya mbolea. Chukua udongo wa sehemu kadhaa za shamba, uchanganye, upimwe, ndipo ujue chokaa kiasi gani inahitajika.