Gitaa linayumba, ngoma zifuate nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mwaka jana nilimrekodi kaka yangu akiimba na kupiga gitaa kavu, nyimbo nne, maiki moja, bila metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo). Tangu hapo ameugua akili na gitaa haligusi tena. Nataka kuongeza besi na ngoma, lakini mwendo wake unapanda na kushuka, na mara nyingine anaruka pigo zima. Rafiki ananishauri niunyooshe kwa programu. Nasikia albamu ya mwanamuziki Mwingereza Syd Barrett, The Madcap Laughs, ilitengenezwa kwa njia hiyo hiyo ya kuongezea vyombo. Walifanyaje? Na kuna wimbo mmoja anakosea, anasimama, anaanza upya. Nikate?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa kuuguliwa. Usiunyooshe. Sauti na gitaa vimo kwenye treki moja, kwa hiyo ukilivuta gitaa likae kwenye mstari wa programu, unavuta pia pumzi ya mwimbaji. Maneno yatatetemeka kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa, na anayesikika hatakuwa tena kaka yako.

Barrett aliachana na Pink Floyd mwaka 1968, bendi ambayo nyimbo zake nyingi za mwanzo alizitunga yeye. Hali yake ilikuwa imevurugika, na LSD, dawa ya kulevya aliyotumia, imetajwa sana na waliokuwa karibu naye. Albamu ilirekodiwa vipande vipande, 1968 na 1969, studio za EMI pale Abbey Road, London. Maprodyuza walipokezana: Peter Jenner, kisha Malcolm Jones, mwishoni David Gilmour na Roger Waters wa Pink Floyd. Ilitoka Januari 1970.

Kwa swali lako, sikiliza nyimbo mbili tu. Anza na "Here I Go". Humo Jerry Shirley kwenye ngoma na Willie Wilson kwenye besi walipiga pamoja na Barrett, na mdundo umetulia. Halafu weka "No Good Trying". Huo Barrett aliuanza peke yake. Mei 1969 wakaitwa Robert Wyatt, Hugh Hopper na Mike Ratledge wa bendi ya Soft Machine wapige ngoma, besi na kinanda juu ya tepu iliyokwisha kurekodiwa. Sikia ngoma zinavyomkimbilia, zinamfikia, naye keshakata kona. Wale walikuwa wanamuziki waliozoea mapigo ya ajabu, na bado wametokwa jasho. Naupenda wimbo huo kuliko nyingi zilizonyooka, lakini mpigaji wa kawaida ukimtupia kazi ile bila kumwandaa, utampoteza.

Basi muandae. Andika mashairi yote kwenye karatasi, mstari kwa mstari, na chini ya kila neno linaloangukiwa na pigo weka alama. Utashangaa: mstari mmoja una mapigo manne, unaofuata matano, wa tatu matatu na nusu, na beti ya pili inarudia mpangilio ule ule. Mara nyingi anayedhaniwa karuka pigo hajakosea, ila mdundo unafuata urefu wa maneno yake. Ukishauelewa, jirekodi ukipiga makofi wimbo mzima kwenye treki ya pembeni. Rudia hata mara kumi, hadi makofi yakae bila kubahatisha. Programu ya kurekodia kama Reaper inakuruhusu kusogeza mistari yake ya mapigo iyafuate makofi hayo. Gridi, yaani mistari hiyo, ndiyo ijipinde, kaka abaki alivyo.

Mpigaji ngoma asihesabu. Aujue wimbo kwa kuimba, na kwenye hedifoni sauti ya kaka iwe juu kuliko makofi. Kwenye mchezo wa ngoma, mpigaji hutazama miguu ya mchezaji. Hapa miguu ni maneno. Mwambie aache kabisa kugonga matoazi mfululizo, maana mlio usiokatika huanika kila yumbo la gitaa. Apige pale sauti inapotua. Besi ije baada ya hapo, noti chache na ndefu.

Jambo dogo linaloharibu kazi za wengi: kompyuta huchelewesha kidogo kile unachokiongeza. Kabla ya kumlaumu mpigaji, toa mlio kwenye spika, urekodi kwa maiki, upime umechelewa milisekunde ngapi, kisha urekebishe kwenye mipangilio. Juu ya wimbo unaoyumba tayari, ucheleweshaji huo humezwa na yumbo na huwezi kuushika kwa sikio.

Wimbo mmoja kati ya hizo nne uache mtupu. "Terrapin", unaofungua albamu ya Barrett, hauna ngoma, na haukosi kitu.

Kuhusu kukata: kwenye "If It's in You" Gilmour na Waters waliacha Barrett asikike akipotea, akisimama, akianza tena. Wapo wanaosema huo ni ukweli wa msanii. Malcolm Jones baadaye aliulalamikia uamuzi huo, na mimi niko upande wake. Nikiusikia naona mgonjwa ameachwa mlango wazi wapita njia wamtazame. Lakini wewe una bahati: kaka yupo. Tengeneza nakala mbili, yenye makosa na iliyokatwa, na siku aliyotulia msikilizishe zote. Akisema kata, kata. Akinyamaza, kata pia, na faili la asili lihifadhi sehemu mbili tofauti hadi atakapokuwa tayari kulizungumzia.