Udongo wa Kuchimba Mwenyewe na Tanuri la Kuni

Swali: Nitajuaje kama udongo niliouchimba mwenyewe utastahimili moto mkali, ule unaofanya chombo kiwe kigumu kama jiwe?

Jibu: Kwa macho hutajua. Uloweke, uchekeche, uache utuame, kisha uukande na kukata vipande bapa vya sentimita 10. Vichome kwa viwango tofauti vya joto, kila kimoja juu ya kigae cha udongo unaoujua, kwa maana udongo wenye chuma au chokaa nyingi huweza kuyeyuka kabla ya nyuzi 1,200 za Selsiasi na kuharibu tanuri. Kipande kilichobaki na sentimita 8.8 kimesinyaa asilimia 12, na hilo ni la kawaida. Kipime uzito, kiloweke usiku kucha, ukipime tena: kama kimeongezeka kidogo mno, kimeiva. Nimewahi kuacha udongo wenye rangi ya kupendeza kwa sababu ya jaribio hili, wala sijuti.

Swali: Vyombo vilitoka tanurini vizima, lakini baada ya siku chache vikaanza kubanduka vijipande. Kwa nini?

Jibu: Chungulia ndani ya kila kishimo. Ukiona punje nyeupe, ni jiwe la chokaa lililoungua, likafyonza unyevu wa hewa, likavimba na kuusukuma udongo. Tumia chekecheke yenye matundu madogo zaidi.

Swali: Mtungi wangu umetoka na bega la kijani linalong'aa, ilhali sikuupaka kitu. Imekuwaje?

Jibu: Hayo ni majivu ya kuni, na kwangu ndiyo raha kuu ya kazi hii. Ndimi za moto huyapeperusha hadi yakatua mabegani mwa mitungi, na joto linapofikia takriban nyuzi 1,240 huyeyuka pamoja na uso wa udongo na kuwa kioo, ambacho hutiririka taratibu na kuganda kama tone la asali ubavuni. Ukijani hutokana na chuma kidogo kilichomo, pale hewa inapopungua tanurini. Upande uliokingwa na mtungi wa jirani hubaki mkavu, wenye wekundu wa udongo, na kwa hiyo jinsi unavyovipanga vyombo tanurini ndivyo unavyovipamba.

Swali: Je, kuni mbichi zinafaa?

Jibu: Hazifai, kwa kuwa moto hupoteza nguvu zake ukikausha maji yaliyomo. Zipasue nyembamba, zikauke kabisa, na uziongeze kidogo kidogo mara ndimi za moto zinapoanza kufupika.