Re: Hedifoni za Bluetooth zaharibika sauti darasa likianza

Dada wa Kisauni, umesema hedifoni zako zapiga muziki vizuri kwenye laptopu ya Windows, lakini ukifungua darasa la mtandaoni sauti yawa nzito kama ya simu mbovu, na mara nyingine yakatika. Usikimbilie kununua nyingine. Nami nafunza Kiswahili kwa mtandao, hapa Tudor, Mombasa, na tatizo hili limenisumbua sana.

Bluetooth ya kawaida ina njia mbili za sauti. Moja ni ya kusikiliza tu, ya stirio (sauti ya pande mbili, kushoto na kulia), nayo ndiyo safi. Ya pili ni ya simu: sauti yaenda na kurudi kwa pamoja, kwa hivyo yabanwa, na stirio yapotea. Programu ya darasa ikiwasha maikrofoni ya hedifoni tu, kompyuta yahamia njia ya pili papo hapo. Hedifoni ni nzima kabisa. Ndani ya programu hiyo, upande wa spika chagua hedifoni, upande wa maikrofoni chagua ya laptopu. Usiiachie ijichagulie. Na kwa kuwa kwa joto letu feni ya chumba haizimwi, na mvumo wake waingia kwenye maikrofoni ya laptopu, maikrofoni ndogo ya waya, ya kubana kwenye nguo, yasaidia mno. Mwanafunzi anayejifunza kutofautisha "dhamana" na "thamani" ahitaji kukusikia sawasawa.

Kwenye Windows 10 hedifoni moja huweza kuonekana mara mbili kwenye orodha ya vifaa vya sauti. Kwa muziki, chagua iliyoandikwa Stereo.

Kukatika ni jambo jingine. Bluetooth yatumia masafa ya 2.4 GHz, na Wi-Fi nyingi zimo humo humo. Kwenye ghorofa zetu kila mlango una ruta yake. Ikiwa ruta yako ina Wi-Fi ya 5 GHz pia, hamishia laptopu huko. Kisha tazama kilichochomekwa ubavuni: diski ya USB 3.0 na waya wake hutoa kelele katika masafa hayo hayo, jambo ambalo Intel, kampuni ya chipu za kompyuta, walilieleza mwaka 2012. Kama watumia kidude cha Bluetooth cha kuchomeka, kiweke mbali na diski, ikiwezekana kwa waya wa kurefusha.

Zima pia Bluetooth ya simu yako, maana hedifoni huikimbilia simu. Yakishindikana yote, zifute kwenye orodha ya laptopu, uziunganishe upya.

Ukijaribu, tuandikie laptopu ni ya aina gani na ni Windows ipi, tuangalie draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia Bluetooth.