Kabla hujanunua sirapu ya vitamini, hesabu anachokunywa

Dada uliyeuliza kuhusu binti yako wa mwaka 1 na miezi 9, anayekataa ugali na mboga na kushinda na maziwa, chai na maandazi: umeomba utajiwe sirapu nzuri ya vitamini. Niruhusu nikujibu kwa kirefu, maana mwanangu wa pili alinipitisha hapohapo na sirapu ndiyo niliyoikimbilia kwanza.

Tunaishi Nkuhungu, hapa Dodoma. Alipofikisha miaka 2, chakula cha mchana kikawa vita. Akiona bakuli anafumba mdomo, ukimlazimisha anatema. Duka moja la dawa wakanipa chupa ya "hamu ya kula". Alikula kweli siku mbili tatu, lakini alishinda amelegea, macho mazito, hachezi. Baadaye muuguzi akaisoma ile chupa, akanionyesha neno siproheptadini. Ile ni dawa ya mzio. Usingizi na njaa ni madhara yake tu. Nakuomba sana mdogo wangu, usimpe mtoto chupa ambayo hujasoma kilichoandikwa ubavuni, hata kama kwa mbele imechorwa matunda.

Kilichonitoa nyumbani hasa ni udongo. Nilimkuta anabandua udongo ukutani kwa kucha na kutafuna. Kituo cha afya wakampima wingi wa damu: 8.6. Mtoto wa umri ule hatakiwi kushuka chini ya 11. Nilijiandaa kuulizwa anakula nini, muuguzi akaniuliza anakunywa nini. Tukahesabu pamoja. Maziwa ya ng'ombe kikombe asubuhi, kingine saa nne, mchana akikataa chakula nampa maziwa nikimwonea huruma, jioni tena, usiku chupa. Karibu lita nzima kwa siku. Juu yake chai ya rangi mara mbili, kwa sababu na sisi tunakunywa.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtoto hakuwa mchaguzi, alikuwa ameshiba. Maziwa ni mazuri, yana protini na kalsiamu, lakini madini chuma karibu hayana, na yakizidi yanazuia hata chuma cha chakula kingine kisifyonzwe vizuri. Chai nayo inakishika kile chuma cha kwenye mboga na nafaka, kinapita bila kuingia kwenye damu. Kwa hiyo hata vijiko vitatu vya maharage alivyokubali kula, chai ilikuwa inamnyang'anya.

Alipewa sirapu ya madini chuma kwa miezi 3 na dawa ya minyoo. Choo kilikuwa cheusi, usiogope ukikiona, ndivyo inavyokuwa. Ila hiyo sirapu ni ya mtoto aliyepimwa na kuandikiwa kipimo, na chupa iwekwe juu kabisa, maana mtoto akiinywa nyingi kwa mara moja inaweza kumuua.

Nyumbani nilifuta chai kabisa na kushusha maziwa hadi vikombe viwili kwa siku, kama nusu lita, tena baada ya chakula. (Wako kama bado ananyonya, endelea kumnyonyesha hadi miaka 2 na zaidi. Ninayosema ni ya ng'ombe.) Siku nne alilia. Ya tano alikaa mwenyewe kwenye mkeka na kumega ugali kutoka sahani ya dada yake.

Sasa chakula chenyewe. Mama mkwe wangu ni Mgogo wa Mpwapwa, na mlenda anaujua kuliko mtu yeyote ninayemfahamu. Mimi nilikuwa naununua umeshasagwa sokoni Majengo, kijivu, umeanikwa juani siku nyingi, kisha naupika na magadi mengi ulainike upesi. Akanisahihisha mawili. Majani yaanikwe kivulini penye upepo, yabaki na ukijani, kwa sababu jua kali linaua sehemu kubwa ya vitamini A. Magadi yapunguzwe au yaachwe kabisa, maana yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Kisha karanga za kusaga, na kijiko cha dagaa waliotolewa vichwa, wakaoshwa mchanga, wakakaangwa pakavu na kutwangwa hadi unga. Mtoto haoni samaki wala mfupa, anaona mlenda tu. Na ule utelezi unamsaidia anayekataa kutafuna: tonge linashuka lenyewe. Ugali nao nikachanganya uwele, ambao una chuma kingi kuliko sembe nyeupe.

Karanga zichague moja moja. Iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu, itupe. Sisi wa kanda hii hatuna haki ya kupuuza sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hiyo, na kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo maana unga wa lishe wa nafaka saba usiojua umetoka wapi siununui. Na karanga nzima usimpe mtoto huyu, inaweza kumkaba. Zabibu vilevile, zikate kwa urefu.

Ubuyu tunao mpaka wa kuokota, na una vitamini C nyingi inayosaidia chuma cha mboga kuingia mwilini. Nakoroga unga wake kwenye uji ukishapoa, kwa sababu moto unaiharibu vitamini hiyo. Uwe ubuyu mweupe, si ule mwekundu wa sukari na rangi. Papai na embe, kila zinapopatikana. Kijiko cha mafuta ya alizeti kwenye mboga, kwani vitamini A haifyonzwi vizuri bila mafuta. Kipande cha maini mara moja kwa wiki. Yai.

Matone ya vitamini A hutolewa kila baada ya miezi 6 hadi mtoto afikishe miaka 5. Angalia kadi ya kliniki kama wako amepata. Angalia na mstari wa uzito kabla hujaogopa: aliyezaliwa na kilo 3 hufika kama kilo 9 akitimiza mwaka, lakini mwaka wa pili huongeza kilo 2 au 2 na nusu tu. Hamu inapungua yenyewe kwa sababu mwili hauhitaji kukimbia tena. Mstari ukiendelea kupanda, mpe nafasi. Ukilala au ukishuka, au viganja vikiwa vyeupe, mpeleke usisubiri.

Chakula kipya alichokikataa kirudishe kesho kutwa, kidogo tu, bila kumshika pua. Majani ya kunde mwanangu aliyakataa zaidi ya mara 10. Sasa ana miaka 4, mchicha bado hataki na simlazimishi. Kunde na mlenda anaomba kuongezewa. Damu mara ya mwisho ilikuwa 11.8. Ukishampima wako, rudi utuambie imesoma ngapi.