Kuongoza wageni kwa miguu kwenye ardhioevu: jibu kwa kijana wa Tabora

Kijana mmoja wa Tabora ameniandikia wiki hii akieleza kwamba amemaliza mafunzo ya kuongoza watalii, kwamba anataka kuanzisha matembezi ya miguu ya kutazama ndege na wanyama kandokando ya maji, na anauliza aanze na mtaji gani. Kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mnaitamani kazi hii hii, namjibu mbele yenu wote. Mdogo wangu, mtaji wa kwanza ni kujua kusimama. Darubini na viatu vya mpira vitafuata.

Mimi huongoza wageni kusini mwa Kigoma mjini, upande wa Ilagala, ambako Mto Malagarasi huingia Ziwa Tanganyika ukipita katikati ya mafunjo na matete. Kabla ya hapo nilikuwa nikiwasindikiza wageni kwenye boti za Gombe, kwa sababu mgeni anayefika Kigoma huwa amekuja kuwaona sokwe mtu na mara nyingi hajaambiwa kwamba kuna kitu kingine. Siku moja nilimshauri mwenye kampuni niliyokuwa nikiifanyia kazi kwamba wageni waliobakiwa na siku ya ziada tuwapeleke mtoni. Alinijibu mbele ya wageni wenyewe kwamba hakuna mtu anayelipa fedha ili akatazame tope. Miaka imepita na maneno yale bado yananiuma, hasa kwa kuwa ninaona kampuni hiyo hiyo sasa inawapeleka watu kule kule. Jioni ile, hata hivyo, mama mmoja na mumewe walinitafuta wakaniomba niwaonyeshe hilo tope.

Asubuhi yake tulisimama penye mayungiyungi kwa muda mrefu, hata yule bwana akaanza kunitazama kwa mashaka. Kisha akatokea sile-maua, akikanyaga majani yaliyoelea kwa vile vidole vyake virefu, na chini ya mbawa zake ikawa inaning'inia miguu myembamba ambayo haikuwa yake. Nikawanong'oneza kwamba huyo ni baba na amewakumbatia makinda yake, kwani kwa ndege huyu dume ndiye anayeatamia mayai na kulea, ilhali jike, aliye mkubwa kuliko yeye, huenda akatafuta dume mwingine. Yule mama alisahau kabisa kamera iliyokuwa shingoni mwake. Laiti ningekuwa nimewakimbiza kwenda kutafuta viboko, kama wafanyavyo waongozaji wengi, wasingeona zaidi ya ndege anayeruka mbali. Kwa hiyo narudia: simama, na uwafundishe wageni wako kusimama.

Kuhusu viboko sitasema kwa upole. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani na hurudi alfajiri, na hatari kubwa ni kumkuta nchi kavu ukiwa umesimama kati yake na maji. Ndiyo maana mimi hufika kijijini mapema lakini huwasubirisha wageni hapo mpaka jua litoke vizuri. Mapito yake utayatambua kwa mifuo miwili inayokwenda sambamba, na katikati yake tuta dogo lenye nyasi, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na ya kulia imeachana sana. Ukikuta mfuo una maji ya matope ambayo bado hayajatulia, rudi nyuma bila kusubiri kumwona mwenyewe. Haya hayakuwa katika mafunzo yangu. Alinifundisha mzee mmoja mvuvi, ambaye kila nilipotaka kusonga mbele alinishika mkono na kusema, "Mwanangu, tazama chini kwanza." Tafuta mzee wa namna hiyo kabla hujatafuta mgeni, na umsikilize zaidi ya unavyosema.

Vibali nivitaje kwa haraka: kwenye ardhi ya kijiji anza na serikali ya kijiji, na ndani ya hifadhi ya taifa fuata masharti ya hifadhi, ikiwa ni pamoja na kuongozana na askari mwenye silaha.

Linalonisikitisha ni kwamba kijana huyu anaandika kana kwamba utajiri wote uko huku kwetu. Mto Ugalla unaotoka kwao unamwaga maji yake katika Malagarasi, na hifadhi ya taifa yenye jina la mto huo ilitangazwa mwaka 2019. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye hekta 3,250,000, iliingia katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya kimataifa ya ardhioevu muhimu, mwaka 2000 ikiwa ya kwanza nchini, na humo ndimo anamoishi korongo-nyangumi, ndege ambaye watu hupanda ndege kutoka mabara mengine ili kumtafuta. Tunasoma, tunapata vyeti, halafu tunapita juu ya daraja bila hata kuteremka kutazama chini! Vijana wenzangu, tusingoje mgeni atuambie kwamba kwetu ni pazuri. Wapelekeni kwanza wanafunzi wa shule za jirani, bila malipo ikibidi, kwa maana mtoto aliyemwona sile-maua amebeba makinda hatakaa kimya siku watu watakapokuja kuchoma mafunjo.

Umeuliza pia kuhusu bei, mdogo wangu. Usichukue watu zaidi ya sita, toza kiasi ambacho kitakuruhusu kutembea nao polepole asubuhi nzima, na yule mvuvi aliyekuonyesha njia mlipe siku hiyo hiyo, kabla hujagawa fedha nyingine yoyote.