Wanabonyeza tangazo, simu haziiti: tatizo liko wapi?

SWALI: Nauza mashine za kutotoleshea vifaranga hapa Morogoro, kuanzia za mayai 48 hadi 528. Nina tovuti nzuri yenye picha zinazojibadilisha, orodha ya bidhaa zote na historia yetu. Nalipia tangazo la mashine ya mayai 96 Facebook na watu wengi wanabonyeza, ila wanaopiga simu au kutuma ujumbe ni wachache mno. Je, nibadilishe tovuti nzima au niongeze fedha kwenye matangazo? — Msomaji, Morogoro

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa usiongeze hata shilingi kwenye tangazo, na tovuti iache kama ilivyo. Unachokosa ni ukurasa wa kutua, yaani ukurasa mmoja wenye kazi moja tu: kumpokea aliyetoka kwenye lile tangazo na kumfikisha kwenye WhatsApp yako. Sasa hivi unampeleka ukurasa wa mwanzo. Amevutiwa na mashine ya mayai 96, anakutana na "Karibu kwenye tovuti yetu" na picha za mashine nane, aitafute mwenyewe. Wengi hawatafuti, wanarudi zao Facebook.

Kabla ya kujenga chochote, jua watu wanapotelea wapi. Mwombe aliyekutengenezea tovuti aweke pikseli ya Meta, yaani kipande cha msimbo cha kampuni inayomiliki Facebook kinachohesabu wanaofika kwenye tovuti, kisha kwenye ripoti ya matangazo linganisha namba mbili: waliobonyeza kiungo na waliofunguliwa ukurasa kweli. Ya pili ikiwa ndogo mno kuliko ya kwanza, watu wanaondoka kabla ukurasa haujafunguka, na hapo hata maneno matamu namna gani hayatasaidia. Zikikaribiana, basi wanafika, wanasoma, na hawaridhiki.

Mimi nashuku yote mawili. Picha zinazojibadilisha ni mzigo mkubwa kwa mtu mwenye simu ya kawaida na bando la kuhesabu. Google wanapendekeza kitu kikubwa kinachoonekana kwanza, ambacho kwako ni picha ya mashine, kiwe kimetokea ndani ya sekunde 2.5. Pima bure kwa PageSpeed Insights, zana ya Google ya kupima kasi ya kurasa, ukiangalia matokeo ya simu, si ya kompyuta. Dawa yake ni rahisi: kwenye ukurasa wa kutua weka picha moja badala ya tano, ipunguzwe upana hadi pikseli (nukta za picha) 800 hivi na ihifadhiwe kwa WebP, mfumo wa picha nyepesi. Picha iliyotoka kwenye kamera ikiwa na megabaiti 4 inaweza kushuka hadi kilobaiti 100 na ushee, na kwenye kioo cha simu hutaona tofauti kubwa.

Sasa maneno ya ukurasa huo. Juu kabisa rudia ahadi ile ile ya tangazo: "Mashine ya mayai 96, tunatuma mikoani", picha yake halisi, bei, na kitufe cha WhatsApp. Bei iandike. Najua wauzaji wengi hupenda mteja "aje inbox", lakini bei ikifichwa, mwenye fedha anahisi atapandishiwa na asiye nayo anakupotezea muda. Menyu ya juu iondoe, na viungo vya Instagram na YouTube pia. Kila mlango wa ziada ni njia ya kuondokea.

Chini ya hapo ndipo kazi ilipo, na ndipo kurasa nyingi huharibika kwa sifa tupu kama "ubora wa hali ya juu". Mnunuzi wa mashine hii ana hofu zake, na unazijua kwa sababu unaulizwa kila siku. Umeme ukikatika siku ya 15 na mayai yanataka siku 21, itakuwaje? Inatumia wati ngapi, inakubali betri ya sola? Inageuza mayai yenyewe? Ikiharibika nikiwa Songea, vipuri napata wapi na dhamana ni ya muda gani? Na kubwa kuliko zote: nikituma hela, mashine itafika kweli? Jibu kila moja kwa sentensi mbili tatu zenye namba. Hiyo ya mwisho ijibu kwa ushahidi: picha ya duka likionekana na mtaa wake, video fupi ya vifaranga wakitoka kwenye mashine hiyo hiyo, maneno ya mteja aliyekuruhusu, na kama unaweza, malipo ya sehemu kabla na yanayobaki mzigo ukifika. Watu wametapeliwa sana mtandaoni. Kuwa na wasiwasi ni haki yao.

Kiungo cha WhatsApp huandikwa wa.me/255 ikifuatiwa na tarakimu 9 za namba yako, bila alama ya kujumlisha wala sifuri ya mwanzo. Ukiongeza ?text= na maneno yako, ujumbe unakuwa tayari: "Naulizia mashine ya mayai 96, niko mkoa wa…" Mteja anajaza mkoa na kutuma. Rudia kitufe hicho baada ya majibu na mwisho wa ukurasa, kiwe kikubwa cha kutosha kidole gumba. Fomu sikushauri, ukilazimika kuiweka, omba jina na namba tu na useme utazitumiaje, maana Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Ukimaliza, pima kwa idadi ya wanaobonyeza kitufe cha WhatsApp. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uache wiki kadhaa. Kutoka jumbe tatu hadi tano kwa wiki kunaweza kuwa bahati tu, usikimbilie kushangilia wala kubomoa. Na hakikisha kuna mtu wa kujibu saa tangazo linapokwenda. Kama usiku hakuna anayeshika simu, panga tangazo lionekane mchana.