Re: Shawa ya umeme inatoa maji vuguvugu São Paulo

Habari ndugu, na pole kwa baridi ya asubuhi. Umehama na shawa yako kutoka Recife hadi São Paulo, na sasa maji ni vuguvugu hata swichi ikiwa kwenye INVERNO (yaani "majira ya baridi", joto la juu kabisa).

Soma kwanza kibandiko cha shawa. Kikisema 220 V, shawa ni nzima. Recife umeme ni volti 220, São Paulo nyumba nyingi ni 127, kwa hiyo shawa ya wati 5500 inashuka hadi 1800 hivi.

Fundi apime kwenye kisanduku cha umeme. Zikiwepo fezi mbili (nyaya mbili zenye umeme) anaweza kukupa 220, na shawa inabaki hiyo hiyo. Zisipokuwepo, nunua koili (waya unaopasha maji ndani ya shawa) ya 127 V ya modeli yako, ila usiifunge kabla ya kukagua waya, maana hapa ndipo nyumba zinapoungua: wati 5500 kwa volti 127 ni ampea 43. Waya wa milimita 4 za mraba hauwezi. Weka wa 10 na breka ya ampea 50. Waya wa kijani wa ethi usiachwe ukining'inia.

Koili ikishafungwa, fungulia maji yatoke mfululizo, ndipo uwashe breka. Ikiwashwa kavu inakatika papo hapo.